Rehani Chini ya Plastiki

Mulenda aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye unga, akaisogeza karibu na mwanga wa mlango.

"Mama Gabriella, mi nakuuliza mara ya tatu. Nani mwingine alikamataka hii karatasi?"

"Hakuna mutu."

"Hata mutu moja?"

"Nilisema hakuna, Papa Mulenda."

"Basi kamata karatasi yako, uende. Niko na mashini tatu za kutengeneza, na mashini haidanganyake."

Akaisukuma juu ya meza. Benedicte hakuigusa. Alikaa wima kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, vidole vya fundi cherehani vikiwa na vitundu vya sindano, akautazama ukuta wa matofali mabichi kana kwamba ukuta ndio uliomtukana.

Kule Uvira, Kongo, Mulenda alikuwa polisi wa upelelezi kwa miaka kumi na moja. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, alitengeneza cherehani. Watu wa kambi walimletea mambo ambayo hayakuwa na pengine pa kupelekwa, naye aliyapokea kwa hasira, maana hasira ndiyo mali pekee aliyovuka nayo mpaka bila kuporwa.

Jambo la Benedicte lilikuwa hivi. Mwaka 2009 yeye na mume wake, Balagizi, walikuwa na duka la vitambaa Lilongwe na kibali halali cha biashara. Walikopa benki wakajenga nyumba mtaa wa Area 25, na benki ikaandikisha rehani juu ya hati ya nyumba hiyo. Walilipa miaka saba. Mwaka 2016 deni likaisha, benki ikawapa barua ya kufuta rehani, yenye sahihi mbili na mhuri mwekundu. Kilichobaki kilikuwa kuipeleka barua ofisi ya ardhi, karani agonge mhuri mgongoni mwake, kisha aifute rehani kwenye daftari. Kazi ya asubuhi moja.

Balagizi hakuipeleka. Alidhani barua yenyewe ndiyo mwisho wa safari. Kule Bukavu alikuwa amepoteza nyumba ya baba yake kwa sababu karatasi zilioza kwa mvua, kwa hiyo akafanya kile ambacho kila mtu wa kambi hukifanya akipewa karatasi yenye mhuri: siku ileile alipanda hadi Dzaleka akaifunika plastiki. Kambini watu hufunika plastiki kila kitu. Cheti cha ubatizo, kadi ya chanjo ya mtoto, hata barua ya kuwakatalia ombi lao la kuhamia Kanada.

Balagizi alifariki 2019. Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini wakarudishwa kambini, na Benedicte akaja na cherehani mbili, nyumba akaipangisha. Mgao wa chakula ulipopungua, kodi ya nyumba ile ndiyo iliyobaki kumlisha. Machi mwaka huu akaenda ofisi ya ardhi ili amwandikishe binti yake Gabriella kwenye hati ya nyumba. Karani akamwambia: rehani bado ipo kwenye daftari, na barua yako siwezi kuigonga mhuri juu ya plastiki, kaombe nyingine benki. Benki ile ilikuwa imekwisha kufungwa, na majalada yake yamechukuliwa na benki nyingine ya City Centre, mtaa wa maofisi wa Lilongwe. Ile ya City Centre ikatafuta kwa namba iliyo kwenye barua, ikajibu kwa maandishi: namba hii si ya nyumba hiyo. Mwezi wa sita kampuni moja ya kukusanya madeni ikamwandikia Benedicte kwamba imenunua madeni yote ya benki iliyofungwa, kwamba rehani bado iko hai, na kwamba nyumba itapigwa mnada.

Mnada ulikuwa Jumanne. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mulenda aliivuta tena karatasi, akavaa miwani. Plastiki ilikuwa ngumu, kona zake nne kali, zimekatwa na mashine. Lakini ndani yake, kwenye karatasi yenyewe, palikuwa na kivuli chembamba cha kijivu kilichozunguka maandishi yote, na kwenye kila kona kivuli hicho kilipinda mviringo. Juu kidogo ya mhuri palikuwa na alama ya povu la hewa, ukubwa wa punje ya dengu. Akapitisha kidole juu yake. Laini. Povu halikuwapo. Ilikuwa picha ya povu.

"Balagizi aliplastifie barua kwa nani?"

"Kwa Delphin, hapa ku soko."

"Na hii unasema ni ileile?"

"Njo ile."

"Si ile. Si karatasi, ni picha ya karatasi. Mutu alikamata barua yako ikiwa mu plastike ya zamani, akaipiga kopi ya rangi, akafunika kopi na plastike mupya, akakurudishia. Angalia. Kona ya inje iko kali. Kona ya ndani iko mviringo. Unaona, ao macho yako pia imefunikwa plastike?"

Benedicte aliangalia. Akaweka kidole pale kwenye povu, akakisugua, akakisugua tena.

"Sasa ya kwangu iko wapi?"

"Njo ninakuuliza tangu asubuhi!"

Mulenda akasimama, akachukua kofia.

"Mashini ya kopi ya rangi hapa kambini iko moja. Twende."

*

Kibanda cha Delphin kilikuwa katikati ya soko, mbele ya wauza samaki wakavu: printa, mashine ya plastiki, nyaya ishirini za kuchaji simu zikining'inia, na foleni ya watu sita. Delphin mwenyewe alikuwa mtu wa Fizi, mnene, mwenye maneno. Mulenda aliipita foleni, akaibamiza karatasi mezani.

"Ulikula ngapi?"

"Bonjour kwanza, muzee."

"Bonjour utaipata ku polisi. Nani alikulipa kwa kutengeneza hii?"

Delphin akaiinua karatasi, akaipindua, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Papa Mulenda, unaniletea mutoto wa watu unasema nimulishe? Hii si kazi yangu!"

"Kona ya ndani ni yako. Kila mutu wa hapa anajua mukato wako."

"Ya ndani, ndiyo. Ya inje je?" Delphin akachomoa bunda la kazi za siku ile chini ya meza: vyeti vya ubatizo, picha ya bibi harusi, kadi za kwaya. Zote mviringo. "Kona kali inapasulaka Biblia ya bamama. Mi nakata hivi tangu 2011, na mukasi huu huu. Na plastike yangu inakunjika. Hii ngumu ni ya maofisi ya muji, ukipiga nayo mbuzi, atalia. Tena kopi ya rangi? Mashini yangu ya rangi ilikufa ku Noeli. Uliza kwaya hapa! Programu yao ya Pasaka ilitoka mweusi tii, bantu bakazania ni ya matanga."

Watu wa foleni wakaitikia kwamba kweli. Mulenda alisimama akiwa na shingo iliyovimba. Alikuwa amekuja na kesi nzima kichwani, na sasa ilikuwa imeanguka mbele ya wauza samaki.

"Basi nimekosea," akasema, kama mtu anayetema jiwe.

"Ulikosea na sauti kubwa, muzee. Unaomba musamaha na sauti ya kuku."

Mulenda akaigeukia foleni. "Delphin si mwizi!" akapiga kelele. "Munasikia? Anaongea sana, lakini si mwizi!"

Walicheka wote isipokuwa Benedicte. Delphin aliacha kucheka kabla ya wengine. Aliitazama tena karatasi, akapunguza sauti.

"Lakini ile ya zamani niliiona. Mwezi wa tatu. Kuna mutu alinileteaka, na ile povu juu ya mhuri, nikaijua ni kazi yangu ya zamani. Aliuliza kama plastike inaweza kufunguka. Nikamwambia haifungukake. Ukivuta, wino yote inabaki ku plastike, barua inakuwa mweupe. Akasema aksanti, akaenda."

"Nani?"

Delphin aliiweka karatasi mezani. Alimtazama Benedicte. "Mama anamujua."

Mulenda akageuka polepole. Benedicte alikuwa amejifunga kitenge upya kiunoni, mara mbili, bila sababu.

"Gakiza," akasema.

"Gakiza gani? Muzee wa kanisa?"

"Njo yeye. Alisema ataifungua ku muji, kuko bantu ya kazi hiyo. Alikaa na yo siku ine. Akarudisha akasema: niliifungua, ofisi ya ardhi bakakataa tena, nikaifunika tena isiharibike. Mi nikamwambia Mungu akubariki."

"Na mi ulinidanganya mara tatu juu ya nini?"

"Aliniapisha!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Juu ya Biblia. Alisema nikitaja kwa mutu yeyote kama niko na nyumba ku muji, bataandika jina yangu, batainyanganya. Ile siku bwana yangu anazikwa, njo yeye alisoma Neno. Ningemukatalia namna gani?"

Mulenda alivua kofia, akaivaa tena. Alitaka kumfokea zaidi, lakini yule aliyestahili kufokewa hakuwa pale.

Gakiza alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mtu wa shati jeupe na Kiingereza kizuri. Kambini alikuwa mzee wa kanisa. Siku za kazi alikaa City Centre, kwenye baraza ya maduka, akiwajazia wakimbizi fomu na kuwatafsiria maofisini.

"Alijua haifungukake," Mulenda akasema. "Delphin alimwambia. Na akakuambia aliifungua. Sasa hivi tunaenda kuomba vibali vya kutoka, kesho mapema tuko ku muji. Wewe na mimi."

*

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi walikuwa mbele ya dirisha la benki ya City Centre, kila mmoja na kibali cha siku moja mfukoni. Kibali kama hicho mtu hupewa kimoja tu kwa wiki. Kama kazi haikuisha leo, Jumanne ingewakuta kambini wakisimuliwa.

Mhifadhi wa majalada aliitwa Bi Nachisale, mwanamke mdogo wa umbo, miwani ikining'inia kwa uzi. Mulenda alizungumza naye Kiingereza chake cha kambini, kisicho na mapambo.

"Nilikwisha kumjibu huyu mama kwa barua," Bi Nachisale akasema. "Namba hii ni ya duka la mtu wa Mzuzu, kule kaskazini."

"Karatasi hii ni kopi. Mtu amebadilisha namba. Mtafute kwa jina."

"Haiwezekani. Kompyuta ya benki ya zamani ilikufa pamoja nayo. Nina masanduku mia nne chini huko, yamepangwa kwa namba. Nikipata namba ya kweli, dakika kumi. Bila namba, wiki sita."

"Mnada ni Jumanne."

"Mnada wa nini? Kama deni lililipwa, benki haikuwa na deni la kuuza."

"Kampuni inasema ililinunua."

"Kampuni inaweza kusema hata imenunua mto Lilongwe." Akavua miwani. Yeye pia alikuwa ameanza kukasirika, na Mulenda akampenda kwa hilo. "Lakini daftari la ardhi ndilo linalosikilizwa. Rehani ikisomeka pale, dalali atauza. Atakayelia atalia baadaye."

"Mama, swali moja. Kuna mtu aliyewahi kukuuliza jambo hili kabla yetu? Kama namba ikikosewa, mnatafutaje?"

Bi Nachisale akavaa tena miwani.

"Mwezi wa tatu. Mtu wa shati jeupe, mwenye adabu sana. Aliniuliza hivyohivyo: kama namba ina kosa, mnaweza kupata kwa jina? Nikamwambia hapana. Akanishukuru mara mbili. Nilimkumbuka kwa sababu alikataa kuweka mkoba wake chini. Alisaini daftari la wageni kwa mkono mmoja, mkoba ameubana kwapani."

"Mkoba gani?"

"Wa ngozi nyeusi, wa kufungwa na zipu pande tatu. Ninyi wa Dzaleka wengi mnao."

Nje, Benedicte alisimama kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa ameelewa kiasi cha kutosha.

"Kwanza aliuliza kama inafunguka. Kisha aliuliza kama jina inatosha. Alipojua jina haitoshi, akabadilisha namba," Mulenda akamweleza. "Benki ikakukana. Sasa hauna kitu cha kuonyesha, na kampuni iko na daftari."

"Basi alichoma ya kwangu. Imeisha."

"We ulishachoma karatasi ya mhuri?"

"Mi?"

"We. Maisha yako yote."

Benedicte akafikiri. "Hapana."

"Hata ile ya kukukatalia Kanada?"

"Iko ku sanduku. Niliiplastifie."

"Gakiza alilala inje ya maofisi miaka ishirini kama mi na we. Mikono yake haiwezi. Tena njo yeye aliuzisha habari ya nyumba kwa kampuni; ikikataa kumulipa, barua njo silaha yake. Iko mu farde yake, ule mukoba mweusi, kati ya karatasi zake, pale kwapani. Shida si kujua. Shida ni kumufungulisha zipu."

*

Gakiza alikuwa kwenye baraza, nyuma ya meza ndogo ya kukunja, kalamu tatu mfukoni. Alipowaona alisimama, akatabasamu, akampa Benedicte mikono yote miwili.

"Mama Gabriella! Karibu. Na Muzee Mulenda, fundi wetu. Cherehani zimekwisha Dzaleka, mumekuja kutafuta za muji?"

"Tulikuja kutafuta barua," Mulenda akasema. Akaweka ile kopi mezani. "Hii ni yako. Tupe ya kwake."

Gakiza hakuigusa. "Mimi nilirudisha. Mama mwenyewe alipokea."

"Ulirudisha picha."

"Muzee, wewe ni fundi wa mashine. Maneno ya hati ni marefu."

"Delphin alikuambia haifungukake. We ukamwambia mama ulifungua. Namna gani ulifungua kitu hakifungukake?"

"Muji una mafundi wengine."

"Taja moja."

Gakiza alikaa. Mkoba mweusi ulikuwa mapajani mwake, viwiko vyote viwili juu yake.

"Namba ya Mzuzu uliitoa wapi?"

Hapo tabasamu lilichelewa kidogo kurudi. "Namba gani?"

"Mi nilisema namba ya Mzuzu. Kama huijue, ungeuliza kwanza Mzuzu inaingilia wapi."

"Ongea polepole, ndugu yangu. Watu wanapita."

"Mi si ndugu yako."

Gakiza aliinama mbele, akageuza uso kwa Benedicte, sauti ikawa ile ya kanisani. "Mama, nisikilize. Nyumba ile ilikuwa inaenda tu. Kama si kampuni, serikali. Tangu lini mkimbizi akaachwa na nyumba mjini? Mimi niliona heri tupate kitu kabla haijachukuliwa. Sehemu yako nilikuwa nimekuwekea. Mungu shahidi."

Benedicte akaisukuma ile kopi kando.

"Ulisimama ku kaburi ya bwana yangu," akasema. "Ulishika kiganja yangu. Na ulikuwa unahesabu vyumba?"

"Mama..."

"Fungua ile farde."

"Hii ni mali yangu. Humu kuna maisha yangu yote."

"Na yangu."

Gakiza akaubana mkoba zaidi, akaanza kukunja meza. Mulenda aliangalia upande wa mlango wa maduka. Mlinzi alikuwa pale, na kando yake polisi mmoja akinywa soda. Kwa miaka yote aliyokaa Malawi kulikuwa na jambo moja ambalo Mulenda hakuwahi kulifanya kwa mkimbizi yeyote, hata aliyemchukia. Aliwadharau waliolifanya. Alikataa kuwatengenezea cherehani.

Akalifanya. Akapaza sauti kwa Kichewa, baraza nzima ikasikia:

"Bwana afande! Huyu mtu ni wa Dzaleka! Muulizeni kibali chake cha kuwa mjini!"

Gakiza akawa mweupe midomoni. "Mulenda! Unanifanyia hivi? Mkimbizi mwenzako?"

"Ndiyo."

Polisi alikuja bila haraka, chupa bado mkononi. "Vibali. Ninyi watatu."

Mulenda akatoa chake. Benedicte akatoa chake. Polisi akavisoma, akavirudisha, akamnyooshea Gakiza kiganja. Hakukuwa na njia nyingine. Gakiza akageuka upande, akavuta zipu inchi tatu, akaingiza vidole viwili, akapapasa. Havikufika. Akavuta zipu zaidi.

Ndani zilipangwa kama kurasa za kitabu: vyeti, picha, barua, kila moja na plastiki yake, zote kwa mkato wa Delphin. Gakiza alikuwa akipekua upesi, akizificha kwa kiganja, lakini kuna moja iliyokuwa na povu la hewa juu ya mhuri mwekundu.

Mulenda aliiona. Benedicte aliiona kabla yake. Mkono wa fundi cherehani ukaingia na kutoka kama sindano, na barua ikawa kifuani mwake, chini ya mikono miwili iliyopishana.

"Mwizi!" Gakiza akapiga kelele. "Afande, ameniibia!"

"Soma jina," Mulenda akamwambia polisi. "Barua ina jina la mume wake. Kisha muulize huyu anafanya nini nayo."

Polisi aliinama akasoma bila kuigusa, maana Benedicte hakuiachilia. Akanyanyuka. "Hiyo ni kesi nyingine, mtaiandikisha rasmi." Akamgeukia Gakiza, akachukua kibali alichokuwa amekwisha kuchomoa, akakisoma. "Hiki kiliisha Mei. Twende."

"Anakamatwa kwa kibali?" Mulenda akauliza. Hasira ilimpanda upya, mbichi kuliko ya kwanza. "Ameuza nyumba ya mjane, na nyinyi mnamkamata kwa tarehe?"

"Wewe ndiye uliyeniitia kibali, madala, mzee wangu," polisi akajibu. "Nimekuja kwa nilichoitiwa."

Gakiza alipitishwa mbele ya Mulenda, mkoba umefunguka, akijaribu kutembea huku akirudisha karatasi zake katika mpangilio. Moja ilianguka. Mulenda aliiokota, cheti cha shule ya msingi cha mtoto fulani, akamwekea mkobani. Hawakutazamana.

*

Bi Nachisale hakutumia dakika kumi. Alitumia saba. Namba ya kweli iliishia na nne, nane, mbili, na jalada lilikuwepo: ombi la mkopo, malipo ya mwisho ya 2016, na nakala ya barua ileile, kavu, bila plastiki. Kilichochukua muda kilikuwa sahihi mbili za barua mpya ya kufuta rehani. Meneja wa kwanza alikuwepo. Wa pili alikuwa amekwenda kula. Mulenda alikaa mbele ya mlango wake saa nzima na robo, akimkatalia kila aliyetaka kumtuliza, na meneja aliporudi akifuta mdomo alimkuta mtu aliyesimama karibu mno na kitasa.

"Ndiyo?"

"Saini," Mulenda akasema. Kisha akakumbuka. "Tafadhali."

Dirisha la ofisi ya ardhi hufungwa saa tisa. Walifika saa nane na dakika arobaini, Benedicte ameshika viatu mkononi. Karani, kijana wa tai, aliigeuza barua mpya pande zote mbili, akapeleka kidole juu ya mhuri, akazilinganisha sahihi mbili na zile za kitabuni, akaomba hati ya nyumba, akaiomba tena kwa sababu Benedicte hakuisikia. Aligonga mhuri mgongoni mwa barua. Akaandika saa. Kisha akaenda nyuma, akarudi na daftari kubwa la jalada la kijani, akalifungua juu ya kaunta.

Hapo ukurasa ulionekana. Majina mawili, la Balagizi limekatwa na tarehe ya kifo chake kando. Chini yake, kwa wino wa miaka kumi na sita, mstari wa rehani.

Karani aliweka rula, akapitisha kalamu nyekundu, akaandika maneno matatu pembeni, akasaini. Haikufika dakika mbili.

"Tayari," akasema.

Benedicte alisimama palepale.

"Tayari namna gani?"

"Imefutwa, mama."

"Ni hii tu?" Alikuwa anaongea Kiswahili, karani haelewi, lakini hakujali. "Ni mustari? Miaka saba tulilipa. Bwana yangu alikufa akizania imeisha. Mi sikulala tangu mwezi wa sita. Na ilikuwa hii, mustari moja wa rula?" Akapiga kaunta kwa kiganja, kalamu ikaruka. "Papa Mulenda, mwambie asome."

"Asome nini?"

"Chenye kimebaki. Mwambie asome chenye kimebaki, na sauti."

Mulenda alimwambia. Karani alitazama saa ya ukutani, akamtazama yule mama aliyeshika viatu, akavuta daftari karibu.

"Mwenye mali: Benedicte Nabintu Balagizi," akasoma. "Mizigo juu ya mali: hakuna."

Mulenda akatafsiri.

"Arudie," Benedicte akasema.